Shemeji Were na Waya wa Chumba cha Mama

Shemeji yangu Were, mume wa dada yangu Milcah, alipanda nguzo za simu kwa miaka ishirini na miwili, na hata akiwa chini alitembea kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Ukimpa chai, kwanza alitazama ukutani waya wa simu umepita wapi, ndipo akatazama kikombe. Siku moja alikatiza maombi ya kubariki chakula ili aniambie kiungo cha waya juu ya dirisha langu kina kutu. Nilimpenda, lakini alinichosha.

Mwaka wa tisini na tisa shirika likapunguza wafanyakazi, na Were akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani na mkanda wa kupandia, simu yake ya kupimia laini, na barua moja. Akatuapisha mimi na Milcah tusimwambie Mama.

"Mama yenu akisikia sina kazi, atasema binti yake aliolewa na mtu bure," alisema. "Ngoja kwanza nipate kazi ya mkono wangu, halafu mtamwambia nimejiajiri."

Kumficha Mama hakukuwa kugumu, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, wala hawasemezani ana kwa ana. Mama alikuwa ametoka Matete kuja kutibiwa macho, akawa anaishi kwangu hapa Kakamega mjini. Were akiingia kwa mlango wa mbele, Mama anaingia chumbani kwake na kufunga. Mama akitaka kwenda msalani, mimi nakohoa, na Were anaruka nje kwa mlango wa jikoni hata kama ana kiazi mdomoni. Kwa miaka kumi na sita walikuwa wakijuliana hali kupitia kwangu, na mimi ni mkalimani mvivu.

Kazi ya mkono wake nilimpa mimi. Nilikuwa na biashara ya kuchapa pale nyumbani: mitihani ya shule, barua za mawakili, programu za mazishi. Kompyuta moja na printa zilikuwa sebuleni, kompyuta ya pili chumba cha nyuma kwa karani wangu Nabwire, na siku nzima Nabwire alibeba disketi huku na huko mpaka kapeti likafanya njia. Kaka yetu Khisa, aliyekuwa Amerika, akatutumia kadi mbili za kutia ndani ya kompyuta. Alisema zinasemezana kupitia nyaya za simu zilizomo tayari ukutani, na simu yenyewe inaendelea na kazi yake. Nyumba ile ilikuwa ya serikali zamani, na daktari fulani aliyekaa humo alitaka simu kila chumba. Were aliposikia hivyo alicheka peke yake kwa furaha.

Jumapili, Mama akiwa kanisani, Were akapita vyumba vyote. Waya ulitoka sebuleni, ukaingia chumba cha Mama, hapo ukaungwa kwa plagi karibu na simu ya zamani ya kando ya kitanda, ndipo ukaendelea chumba cha nyuma. Jumatatu asubuhi Nabwire akabonyeza, na printa ya sebuleni ikatoa karatasi bila mtu kuinuka. Nilipiga vigelegele. Were akaweka mikono nyuma akatazama dari, ndivyo anavyofanya akitaka kusifiwa zaidi.

Saa tisa alasiri ikafa.

Jumanne asubuhi akaja, akaikuta inafanya kazi. Saa tisa ikafa tena. Jumatano vilevile. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa na mitihani ya shule tatu. Nikamwambia, "Shemeji, kuna kijana Kisumu ana drili na waya mpya. Ijumaa, hii kitu isipotengemaa, namwita atoboe ukuta."

Uso wake ulishuka. Niliumia, lakini sikurudisha maneno.

"Ukimwita huyo, Mama atauliza kwa nini mtu wa simu ameshindwa na simu," akasema. "Utamwambia nini?"

Nikarudi kwenye mitihani yangu.

Alhamisi akaja saa nane kwa mlango wa jikoni, Mama asijue kwamba hayuko kazini, akajifungia chumba cha nyuma na simu yake ya kupimia. Mawingu yakajaa upande wa msitu, ilivyokuwa kila siku mwezi ule wa tano. Radi ya kwanza ilipopiga, kompyuta zikaacha kusemezana, na stima ilikuwapo. Were akatoa kichwa chumba cha nyuma, akaninong'oneza, "Laini imekufa! Imekatikia kati!"

Kati palikuwa chumba cha Mama, na Mama alikuwamo, amefunga mlango.

Mvua ilipolegea nikasimama ili niende kumbishia Mama hodi. Kabla sijafika, Were akanong'ona kutoka nyuma, "Imerudi!" Simu ya sebuleni ikalia ting, mlio ule mdogo wa mtu kuinua simu chumba kingine. Nami nikainua yangu. Sina haya kusema hivyo, nyumba ilikuwa yangu.

"Halo?" alisema Were, akidhani anajipima mwenyewe.

"Haro," akajibu Mama, kumbe ndiye aliyeinua simu ya kando ya kitanda. Mama akishika simu huongea Kiswahili, hata na dada yake, maana anaona simu ni kitu cha serikali. "Ni nani?"

Were akajitaja kwa jina la mwanawe. "Ni Baba Wesley, Mama."

Nilidhani Mama atatupa simu. Lakini hawakuwa wanaonana. Kulikuwa na ukuta mzima katikati, na nadhani Mama aliupima ule ukuta akaona unatosha.

"Baba Wesley. Uko juu ya nguzo?"

"Hapana, Mama. Niko chini."

"Kuna radi. Nimechomoa hii waya mpaka mvua imepunguka. Kila siku nachomoanga."

"Ni wewe unachomoanga?"

"Sasa nifanye nini? Wewe uko huko nje kwa mwisho ya hii waya. Radi ikiingia, si itakufuata? Huko Matete sikuwa na waya, nilikuwa naombanga tu, miaka yote. Nikikuja hapa nikaona hii, nikasema Mungu amenipea kitu ya kufanya."

Nilikaa sakafuni. Miaka kumi na sita nimebeba salamu zao, na hiyo sikuwahi kupewa niibebe.

Were angeweza kusema asante akaweka simu, na siri yake ingekuwa salama. Hakuiweka.

"Mama," akasema, "sipandi tena. Walitufuta kazi tangu mwezi wa pili. Niliogopa utasema Milcah ameolewa na mtu bure."

"Hupandi nguzo?"

"Sipandi."

"Hata zile refu za Lumakanda?"

"Hata moja, Mama."

"Asante Yesu," Mama akasema. "Asante Yesu. Sasa mvua inyeshe."

Nikamsikia Were akilia, sikio moja kutoka kwenye simu, sikio la pili kutoka chumba cha nyuma. Printa nayo ikaanza kutoa mtihani wa hesabu wa darasa la sita, maana kazi ya Nabwire ilikuwa ikingoja laini. Mimi nikavuta kamasi.

"Phoebe," akasema Mama, "weka hiyo simu chini."