Barua ya Bunduki Kutoka Kalinzi

Juzi nilikuwa masijala ya ofisi moja ya serikali hapa Kigoma, nikifuatilia kibali changu kwa uso wa kununa. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa Kalinzi, mwenye nakala mbili za barua moja: ya kuacha, na ya kugongwa muhuri aondoke nayo.

Akanieleza kwamba mwanawe aliuawa kwa gobore la jirani, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Tangu hapo kila mwezi huleta barua kuomba sheria ya bunduki iwe kali zaidi.

"Umewahi kujibiwa?" nikamuuliza.

"Bado," alisema, kama mtu anayengoja chai ichemke.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo mama. Ni ile ile?" karani akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Ile ile."

Karani akaisoma, kisha akagonga meza kwa kidole. "Mama, mwezi huu umeruka ile aya ya kila bunduki kufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Bila hiyo barua haina nguvu."

Mama akacheka mpaka akashika kaunta. Karani akampa kalamu yake, akamtajia aya nzima neno kwa neno, macho yake yakiwa dirishani.

Wakubwa wa ghorofani sijui kama wameisoma hata mara moja. Lakini mama alipanda bodaboda kama mtu aliyetoka kupitishiwa sheria.

Mimi nimeambiwa nirudi wiki ijayo. Nitarudi, na nakala mbili.