Karani Anayeita Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Kabambare, na Placide, karani wa kitabu cha watoto, anafuta pembe moja ya meza yake kwa mkono wa koti. Pembe nyingine tatu zina vumbi. Hizo hazigusi.

Mbele yake akina mama wamepanga mstari. Ni siku ya kuhakiki watoto, mwaka huu wa 1955. Sheria mpya inasema kila mtoto wa mfanyakazi, mradi yu hai na ameandikwa, apate posho yake na maziwa ya zahanati. Asiyeitika jina lake hupigwa mstari mwekundu. Kwa kitabu, amekufa, hata kama anakula ndizi mbele ya karani.

Shida ni kwamba watu wa hapa hawaitiki mwito wa kwanza. Huenda anayeita ni marehemu; ukiitika, umekubali safari. Mama humziba mtoto mdomo kwa kiganja, akasubiri wa pili.

"Mwaka jana niliita mara moja tu, kama nilivyoagizwa," anasema Placide, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. "Kabla ya saa sita nilikuwa nimeua watoto kumi na mmoja. Kwa kalamu."

Siku hiyo hiyo, aliyefuata kuitwa alikuwa Albertine. Sauti ndogo iliitika papo hapo: "Niko." Placide akaweka alama, akafurahi kupata mtoto mwenye adabu. Ndipo akaona baba yake Albertine amevua kofia. Binti huyo alikuwa amezikwa majuma mawili kabla.

Sauti ilitoka wapi? Placide anaonyesha kwa kidevu ile pembe ya meza aliyoifuta. "Kila asubuhi nakuta alama za vidole. Vidogo. Vyenye udongo."

Tangu hapo huita mara mbili. Mwito wa kwanza huuacha upite.

Leo, hata hivyo, mkaguzi Mbelgiji kutoka Kasongo ameketi kando yake. "Mara moja," anaamuru. "Serikali haina muda wa mizimu."

Wa kwanza ni Régina, mke wa mchimbaji wa Salamabila. Binti yake, Léocadie, ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Akikosa kuitika leo, jina lake halirudi tena kitabuni.

"Karani, mutoto wangu iko muzima," Régina ananong'ona. "Unamuona. Andika tu."

"Macho yangu haijue kuandika, mama. Aitike."

Placide anaita: "Léocadie."

"Niko."

Mkaguzi anagonga muhuri bila kuinua kichwa, kisha anatoka kuvuta sigara. Kiganja cha Régina bado kimeziba mdomo wa binti yake.

"Nani ameitika?" anauliza mama huyo.

"Pokea karatasi, mama. Usiulize." Placide anainama. "Léocadie," anaita tena, taratibu.

Kiganja kinaondoka. "Niko," anasema mtoto.

Jioni hii Placide ataandika barua kwa wakubwa, kwa mwandiko wake bora. Haombi nyongeza ya mshahara wala koti jipya. Anaomba kigoda kimoja, kifupi, cha kuwekwa kwenye pembe ya meza.

"Mwaka muzima ule mutoto anafanya kazi ya serikali," anasema, "na bado anasimama."