Siku Niliyobebwa kwa Ingobyi

Miguu yangu iligoma kufanya kazi nikiwa mtoto, kichwa hakikugoma. Nilisoma Maandiko kwa mapadri hadi wakanifanya katekista, na kwa miaka mingi nimefundisha kwenye kigango kilicho ng'ambo ya bonde, nikienda kwa baiskeli ya kuendesha kwa mikono. Masika haya ekseli yake ilikatika, na pikipiki niliyokodi badala yake ikaniangusha matopeni. Nikajiambia basi, imetosha. Jumamosi ile nilikuwa nakwenda kuwaaga watoto wa komunyo ya kwanza.

Wanaume wa jumuiya yetu wakaja na ingobyi, machela ya kufuma ambayo huku Ngara hubeba mahututi na maiti. Nilinuna. Sipendi kuhurumiwa.

Lakini waliponiinua, nilisahau kununa. Mtu wa kutambaa kama mimi anaijua ardhi. Mbingu nilikuwa nazisoma vitabuni tu. Sasa zilipita juu yangu taratibu, majani ya migomba yakizifunika na kuzifunua, ukungu ukinilowesha kope. Kila tuliyekutana naye alitua mzigo wake, akatoa pole, akapokea ingobyi begani kwa kipande cha njia, ndiyo ada yetu. Sauti zilibadilika pembeni yangu, Kihangaza, Kirundi, tena Kihangaza, nami naelea tu. Sijui nililala saa ngapi.

Wabebaji walinitua mbele ya altare, wakatoka kutafuta maji ya kunywa. Watoto walipofika wakaikuta ingobyi, na mimi ndani yake nimefumba macho.

Kilichoniamsha ni kilio. Msichana mmoja, yule ambaye hajawahi kujibu swali langu hata moja, alikuwa anawaambia wenzake, "Mwalimu ametuacha. Tumwombee vile alivyotufundisha."

Wakaanza sala ndefu ya marehemu. Nilipaswa kuinuka, lakini moyo ulinijaa hata nikashindwa kusogea. Sikujua kama wananipenda hivi. Wakasali vizuri, kwa kwikwi, kisha katikati wakakwama, maana tulikuwa hatujafika hapo.

Nami, macho bado nimefumba, nikawatajia mstari unaofuata.

Walitimka wote hadi uwanjani. Niliwaita sana, na waliporudi, wakinichungulia mlangoni, neno la kuaga sikulitamka. Niliwaambia wakae chini, sala bado hatujaimaliza.