Wenzo Uliovishwa Soksi

Saa mbili asubuhi, na mkereza vyuma anayeitwa Mzee Cheche bado hajaigusa mashine yake. Anamsubiri mkewe amalize kuosha vyombo. Siku hizi hawashi mpaka mama watoto awepo.

"Si kwamba namwogopa," anasema, akichungulia jikoni. "Namwogopa kidogo."

Mashine yenyewe, nzito kuliko kabati la nguo, imejaa chumba kilichokuwa cha watoto. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walichukua kiinua mgongo, yeye akaomba mashine. Kufika nayo nyumbani, lo! Inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, nyumba ina fezi moja.

Dawa yake ni kisanduku kilichotundikwa ukutani, ambacho mafundi hukiita inveta. Kinapokea umeme wa kawaida na kutoa wa fezi tatu. Ukizungusha kitufe, mota inakwenda kwa kasi uitakayo.

Cha kwanza alikiunguza mwenyewe. Fundi umeme alimwonya: usivute ule wenzo wa zamani wa kuzimia mashine mota ikizunguka, utakata umeme kati yake na kisanduku. Lakini mkono uliouvuta miaka ishirini na sita kiwandani haukusikia la mtu. Pu! Moshi.

"Nililia," anasema bila haya. "Mtu mzima, machozi haya!"

Cha pili alikinunua mkewe, fundi cherehani, kwa akiba ya cherehani ya umeme aliyoitamani miaka. Akatoa na onyo: kikiungua hiki, au ukijikata, mashine inauzwa chuma chakavu.

Fundi umeme akauondoa wenzo kwenye njia ya umeme. Sasa haukati kitu, kusimamisha ni kwa kitufe chekundu. Ila mazoea yana tabu: mkono ukawa unaukimbilia, mashine nayo inazidi kuzunguka! Ndipo mkewe akauvisha soksi ya sufu ya mjukuu. Mkono ukigusa sufu, unakumbuka.

Leo anakereza shafti mpya, chuma cha kuzungushia cherehani ile kuukuu ya mkewe.

"Kazi zikichanganya, namnunulia ya umeme," anaahidi.

"Nitengenezee hii kwanza, baba," mkewe anajibu mlangoni. "Na vidole vibaki kumi."

Mota inaanza taratibu. Shafti inang'aa. Mkono unaenda kwenye wenzo, unagusa soksi, unasita, kisha unabonyeza chekundu. Mashine inasimama.

"Umeona, mke wangu?"

"Nimeona. Jumapili naifua hiyo soksi. Siku hiyo huwashi."