Mlango Uliojifunga

Wiki hii, adhuhuri kwenye gereji moja ya mtaa wa Kisugu nilikokuwa nikisubiri gari langu, gari kuukuu lilijifunga lenyewe, bibi mzee akiwa ndani, vioo vimepandishwa na ufunguo uko kwenye swichi. Mwanawe, aliyeshuka kumweleza fundi kasoro hiyohiyo, akaokota jiwe.

“Boss, weka chini! Kioo kitamrukia mama,” akasema fundi, Mkongomani.

Akapenyeza waya juu ya mlango. Ukateleza mara tatu. Bibi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Mara ya nne loki ikainuka.

Fundi akatuonyesha nyaya za loki zilizochubuka kwenye bawaba. “Ilianza lini?”

“Mwezi wa pili sasa,” bibi akajibu akihema. “Huyu akasema tutazoea.”

Mwanawe aliinama. Mimi pia, kwani breki zangu zikilia huwa naongeza sauti ya redio.