Ukingo wa Mchoro

Krrr ya kisu juu ya kioo: ndivyo ninavyomkumbuka fundi wa fremu wa Kitale. Kabla ya kukata, hupitisha kidole gumba ukingoni mwa karatasi, polepole, kama anayetafuta mwiba. Vyeti, picha za harusi, hata za maaskofu, zote huzipunguza bila huruma zitoshe fremu iliyopo. Juzi nilimsindikiza Agneta, katibu wa kanisa letu, akimpelekea mchoro wa zamani wa wino: kanisa la kwanza la kwetu Naitiri, paa limeanguka, mibono imeota madhabahuni.

“Kata tu hapo kando, mzee, iingie. Si ni majani tu, bana,” Agneta alimwambia.

Kidole kilifika kwenye majani hayo kikasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Nikainama nami. Katikati ya majani alikuwepo mwanamke, mdogo kama punje ya wimbi, ameshika ufagio.

“Nitakutengenezea fremu ingine.”

“Na ibada ya kuutundika ni kesho, mzee?”

Alikuwa ameshaanza kupima ubao mpya. Alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya chini sana: “Huyu ni mama yangu. Alifagia kila Jumamosi, hata paa ilipoanguka.”