Mke Mwenza Anayevuja Oili

Dereva mmoja aliendesha malori miaka thelathini na minne, na alipostaafu hakutaka saa ya ukutani wala cheti. Alitaka lori lake. Kampuni ilikuwa inatafuta pa kulitupa, ikampa siku hiyohiyo bila kujivunga. Tangu hapo lori liko uani kwake, limewazidi umri watoto wake wote, linang'aa rangi ya buluu, na linavuja oili. Majirani wakambatiza jina la Mzee Matone. Yeye lori analiita Bibie, na mkewe analiita mke mwenza.

Mkewe ni mpishi mstaafu wa bweni la shule, mama asiyerudia neno. Juzijuzi alimwagia ua wote saruji mpya, na baada ya siku mbili tone la kwanza likatua katikati kabisa. Hakupiga kelele. Alisema Jumamosi saa nne atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, na akikuta tone jingine, aondoke na Bibie. Mzee akajifanya hana wasiwasi.

Oili ilitokea kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, pale inapoingilia shafti, chuma kirefu kinacholeta nguvu ya injini. Kinachoizuia isitoke ni sili, pete ya mpira tu. Jumatatu mzee akaingia uvunguni, akaitia shafti alama za chaki ili irudi vilevile ilivyokuwa, akaing'oa sili ya zamani na kuigonga mpya taratibu kwa kipande cha bomba. Kazi safi, msimsingizie. Akamaliza kwa kulipaka difu lote rangi, maana yeye huwezi kumkuta na lori lisilopakwa rangi hata mahali pasipoonwa na mtu. Akalizungusha mtaani, akarudi, akaliegesha juu ya boksi lililokunjuliwa. Tone.

Jumanne akabadilisha tena, akapaka rangi tena. Tone. Jumatano akaenda kumshambulia muuza vipuri kwamba anauza sili feki, na muuza vipuri akamuuzia nyingine kwa upole mkubwa. Alhamisi ilikuwa sili ya nne na rangi mkono wa nne. Jamani, hata mimi ninayesimulia nilishachoka.

Ijumaa mchana mkewe alipita na beseni la nguo, akaona miguu miwili imetokeza chini ya lori, haitikisiki. Mzee alikuwa amelala chali akiliangalia difu, machozi yanamlengalenga. Mama akainama.

"Baba watoto, hilo dude likipata moto linapumulia wapi?"

Mzee akaanza kumweleza kwamba hili si sufuria. Kisha akakumbuka. Juu ya ekseli kuna kijitundu, kidogo kuliko tundu la sikio, kazi yake kutoa hewa ya moto. Kikiziba, hewa inajaa ndani na kuisukuma oili ipite kwenye sili, hata iwe mpya namna gani. Akapapasa. Hakukuta tundu, alikuta rangi, tabaka juu ya tabaka, kazi ya mikono yake mwenyewe kila mwezi. Akachokoa kwa msumari, na Bibie akampulizia usoni pumzi ndefu iliyonuka oili ya miaka.

Kesho yake akalizungusha mtaani mara tatu na kuliegesha. Mnunuzi wa vyuma alipofika na vijana wake wawili, alipiga magoti, mama naye akapiga magoti kando yake, wote wakachungulia. Boksi lilikuwa kavu. Mnunuzi akauliza kama hakuna kingine cha kuuza, mama akasema hakuna, akamsindikiza hadi getini.

Mzee alimngojea mlangoni. Jambo moja lilikuwa linamkereketa tangu jana.

"Mke wangu, ungejinyamazia tu, leo mke mwenza angekuwa ameshaondoka."

"Angeondoka, halafu wewe ungeshinda wapi kutwa nzima?" mama akauliza. "Jikoni kwangu?"

 Mzee akachukua spana zake, akarudi uvunguni kwa Bibie, ingawa hapakuwa na chochote cha kutengeneza.